Kina kitoke wapi? Njia nne za kupata neno la kina katika lugha ya kubuni

Ukibuni lugha, vivumishi vya ukubwa huonekana kazi ya jioni moja. Kubwa na dogo, refu na fupi, pana na embamba: unachagua mizizi, unaipanga jozi jozi, unaendelea na mengine. Mimi nilifanya hivyo hivyo. Katika lugha yangu ya kwanza niliandika *dorim*, mbele yake nikaandika "-enye kina", nikafunua ukurasa unaofuata. Miezi kadhaa baadaye nikamwonyesha rafiki yangu kisa kifupi nilichokitunga kwa lugha hiyo, pamoja na tafsiri ya neno kwa neno. Kisa kilikuwa na usingizi *dorim*, bluu *dorim*, sauti *dorim* na msitu *dorim*. Akasoma, akacheka, kisha akaniuliza: "Hawa watu wako walisomea Uingereza?"

Alinipata. Ni Kiingereza kinachotumia neno moja la kina kwa kisima, usingizi, rangi, sauti, msitu na hata pumzi. Sisi tunasema kisima kirefu, usingizi mzito, rangi iliyokolea, sauti nzito, msitu mnene. Tunavuta pumzi ndefu, na tukifika kwenye fikra ndipo tunapofikiri kwa kina. Hayo ni maneno matano tofauti, na yote nilikuwa nayo kinywani tangu utotoni. Nilipokaa kubuni lugha nikayaacha, nikafuata kamusi ya watu wengine.

Tangu hapo nimejaribu njia nne za kulipata neno hili, kila moja katika lugha tofauti. Hazina thamani sawa, na inayomfaa mtu mmoja inaweza kumharibia mwingine.

Mzizi mmoja na kinyume chake

Hii ndiyo njia ya lugha zilizobuniwa ili watu wajifunze haraka. Kiesperanto, ambacho L. L. Zamenhof alikitangaza mwaka 1887, kina *profunda* kwa kitu chenye kina. Kwa kitu kisicho na kina unabandika kiambishi awali *mal-*, kile kile kinachogeuza zuri kuwa baya, unapata *malprofunda*. Mwanafunzi akijua neno moja amejua mawili. Mzizi wenyewe umetoka Kilatini, *profundus*, ambalo ukilipasua unakuta *fundus*, yaani kitako au sakafu ya kitu. Kwa hiyo hata neno hili linaloonekana kavu lilikuwa na picha ndani yake. Ndani ya Kiesperanto chenyewe picha hiyo haionekani, kwa sababu mzizi uliletwa mzima mzima.

Lojban, mradi wa lugha ya mantiki ulioanza 1987, ulikwenda mbele zaidi kwa upande wa usahihi. Neno *condi* halisemi tu kwamba kitu kina kina; lina nafasi nne za kujazwa: kitu chenyewe, upande ambao kina kinaelekea, mahali pa kuanzia kupima, na kipimo unachokilinganisha nacho. Kinyume chake, *caxno*, kina nafasi hizo hizo nne. Mara ya kwanza nilipoziona nilidhani ni urasimu mtupu. Baadaye nikagundua kwamba nafasi ya pili inajibu swali ambalo lugha nyingi hulikwepa. Kina cha kisima kinakwenda chini. Kina cha kabati kinakwenda mbele yako, kutoka mlangoni hadi ubao wa nyuma. Ni neno moja kwa pande mbili. Mwanaisimu Manfred Bierwisch alipovichambua vivumishi vya vipimo vya Kijerumani mwaka 1967, alionyesha kwamba maneno ya aina hii hayapimi mstari tu, bali hubeba pia umbo la kitu, mkao wake na mahali mtazamaji aliposimama.

Kwa hiyo, kama unabuni lugha ya kutumiwa na watu wa mataifa mbalimbali, au lugha ya mantiki, chukua njia hii bila kuona haya. Kama unabuni lugha ya watu wenye historia, wenye babu na mito na misiba, itakusaliti. Mzizi uliodondoka kutoka angani ukiwa na maana moja safi haunuki harufu ya mtu yeyote.

Kuazima neno la urefu

Njia ya pili ni kutokuwa na neno la kina kabisa. Kwa Kilatini, *altus* ni mlima mrefu na pia bahari yenye kina. Ni umbali wa wima, na msikilizaji anajua mwenyewe kama atazame juu au chini. Kiswahili kinafanya jambo la jirani na hilo. Mti ni mrefu, barabara ni ndefu, kisima ni kirefu, na hakuna aliyewahi kutumbukia kisimani kwa sababu ya utata huo. Nomino tunayo, kina, lakini hata ikitokea mara nyingi inaomba msaada wa kivumishi cha urefu: kina kirefu, kina kifupi. (Na nomino hiyo ina mapacha: kina cha shairi, na kina mama. Mtu akibuni lugha yenye maneno matatu ya sauti moja namna hiyo, wenzake watamwambia amekosa mizizi.)

Kijerumani kinavuta upande mwingine: *tief* ni kisima chenye kina, na pia ni kitu kilicho chini, kama halijoto ya chini au sauti ya besi. Ukivitazama Kilatini, Kiswahili na Kijerumani pamoja unaona kwamba kina kinaweza kukaa nyumba moja na kimo, na urefu kwa jumla, au na uchini. Mjenzi wa lugha anachagua jirani, na jirani huyo ndiye atakayeamua sitiari. Kina kikiishi na kimo, mtu mwenye kina ataelekea kuwa mtu mkuu. Kikiishi na uchini, anaweza kuwa mnyonge. Toki Pona, lugha ndogo ya Sonja Lang iliyotoka 2001 ikiwa na maneno kama 120 hivi, haina neno lake la kina. Ina *anpa* kwa chini na *insa* kwa ndani, na msemaji anaunga mojawapo kulingana na jambo alilonalo. Inafurahisha kwamba *anpa* hubeba pia kuinama na kushindwa, na *insa* hubeba pia tumbo.

Njia hii ni ya bei nafuu na ya kweli. Naipendekeza kwa mtu anayetaka msamiati mdogo, au anayetaka lugha yake ionekane ngeni pasipo kujitutumua. Kasoro yake ni moja: ukiwa na neno moja kwa mlima na bahari, itakubidi uandike sentensi nyingi za mfano kabla hujajua mwenyewe linavyofanya kazi.

Kutoka kwenye kitu kinachoshikika

Hapa ndipo ninapokaa siku hizi, na ndipo penye utamu.

Neno la kina linaweza kuanza likiwa nomino ya kawaida: dimbwi, shimo, tumbo, sakafu, ardhi. Halafu linatumika mahali pale pale vizazi na vizazi hadi linapoteza umbo na kubaki na mwelekeo. Kiswahili kimejaa mabaki ya aina hiyo. Ndani limetokana na mzizi wa Kibantu wa tumbo, *nda*, likavaa *-ni* ya mahali. Yaani ndani, hapo mwanzo, ni tumboni. Chini ni nchini, kwenye ardhi. Kutoka ndani tukapata undani, na sasa tunachunguza jambo kwa undani bila kufikiria utumbo wa mtu. Hivi ndivyo lugha hai inavyopika maneno yake, na mjenzi wa lugha anaweza kuiga mapishi badala ya kuiga chakula.

Chanzo chenye nguvu zaidi ni maji. Kwa Kichina, alama za *shen* (enye kina) na *qian* (isiyo na kina) zote mbili huandikwa zikiwa na matone matatu ya maji ubavuni. Halafu hizo hizo zikatumika kwa rangi: bluu ya *shen* ni ile iliyokolea, ya *qian* ni ile hafifu. Ukitazama maji unaona sababu: penye kina ni peusi zaidi. Sitiari hiyo haikutoka kitabuni.

Nionyeshe basi jinsi nilivyofanya katika lugha yangu ya pili. Watu wake wanaishi kandokando ya mto wenye mawe na wanasukuma mitumbwi kwa upondo. Nilianza na *moru*, shimo la maji mtoni, pale ambapo upondo haugusi chini. Kiambishi tamati cha mahali ni *-sa*, kwa hiyo *morusa* ni "penye shimo la maji". Irabu iliyo katikati, isiyo na mkazo, ikadondoka: *morsa*. Kisha *r* ikamezwa na konsonanti inayofuata: *mossa*. Kufikia hapo msemaji wa kawaida haioni tena *moru* ndani yake, na neno limekuwa kivumishi: maji *mossa*, shimo *mossa*. Kwa kuwa *mossa* tayari ni kivumishi, wakalijengea nomino mpya, *mossan*, kina. *Moru* lenyewe halikufa. Limebaki kwenye majina ya mahali na kwenye midomo ya wazee, likimaanisha dimbwi.

Angalia nilichopata bila kukipanga. Nina neno la kale na la sasa, nina kanuni mbili za sauti ambazo lazima sasa zipite katika msamiati wote, na nina maana ya kwanza inayoeleza za baadaye. *Mossa* halikuanza na kipimo. Lilianza na hofu ya mtu ambaye upondo wake umekosa chini.

Neno la kinyume sikulitengeneza kwa kiambishi. Lugha nyingi zenye kivumishi cha kina hazina neno jepesi la kinyume chake: Kifaransa husema *peu profond*, Kihispania *poco profundo*, "enye kina kidogo", na hakuna anayelalamika. Kirusi kinatumia *melkii*, ambalo pia ni kitu kidogo kidogo, kama mchanga laini au chenji. Kama pengo lipo, huwa upande huu wa jozi. Ningeweza kuacha pengo. Lakini watu wa upondo wanahitaji kujua mahali ambapo chombo kitakwama, nikawapa *kelti*, awali "kokoto". Maji ya *kelti* ni maji ambayo unaona kokoto zake.

Na hapo mambo yakanigeukia. Kama *kelti* ni maji unayoyaona hadi chini, basi mtu *kelti* ni mtu asiyeficha, mkweli, mweupe wa moyo. Na *mossa*? Mtu *mossa* ni yule ambaye hujui amekalia nini. Katika lugha hii kumwambia mtu mawazo yake yana kina ni kumshuku. Sisi tumezoea kina kuwa sifa, hata hatuoni kwamba ni uamuzi. Lugha ya kubuni inakupa nafasi ya kuamua tena.

Tahadhari moja kuhusu sauti. Wajenzi wengi hupenda kuweka *o* na *u* kwenye neno la kina, na *i* na *e* kwenye kinyume chake, wakiamini irabu zinachora maana. Mimi nami nimefanya hivyo, kama ulivyoona. Ila usijenge imani juu yake: irabu ya kwanza ya kina chetu ni *i*, na neno la Kiingereza lina *i* ndefu, na visima vyao havijawa vifupi kwa sababu hiyo.

Kutoka kwenye kipimo

Njia ya nne ni mwili kuwa rula: maji ya magoti, maji ya kiuno, maji ya shingo. Pima, urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, ni kipimo cha mabaharia wa Kiswahili. Waingereza wana kipimo kama hicho, futi sita, kutokana na neno la kale la kukumbatia, na kitenzi chake leo ni kuelewa jambo hadi mwisho. Unaweza kuanza na "shingo" ukafika kwenye "enye kina", na "kifundo cha mguu" ukafika kwenye kinyume chake. Inapendeza kwenye methali na matusi. Kama chanzo pekee cha kivumishi naiona dhaifu, maana inakataa kwenda kwenye kabati, pango au usiku. Itumie kama nyongeza.

Maji au tumbo?

Kwa anayechukua njia ya tatu, swali linalobaki ni chanzo kipi. Nilijaribu kuweka lugha yangu ya mto kando ya lugha ya tatu, ya watu wa mapangoni, ambao neno lao *agu* lilitoka kwenye tumbo. Nilitembeza vitu vile vile kote kuwili:

| Kitu | Chanzo maji (*mossa*) | Chanzo tumbo (*agu*) |
|---|---|---|
| kisima | *mossa*, bila shaka | neno la "chini" |
| pango | "refu" | *agu* |
| kabati | "refu kwenda nyuma" | *agu* |
| usingizi | *mossa*: mtu amezama | "mzito" |
| rangi | *mossa*: imeingia giza | "iliyoiva" |
| sauti | "nene" | *agu*: inatoka tumboni |
| siri | *mossa*: ya kuogopwa | *agu*: ya ndugu wa damu |

Mstari wa mwisho ndio ulionifundisha zaidi. Siri ni ile ile, lakini upande mmoja inatisha na upande wa pili inaunganisha watu, kwa sababu tu ya mahali neno lilipozaliwa. Mistari ya kisima na kabati nayo ina kazi: inaonyesha kwamba chanzo cha maji kinashika kina cha kwenda chini kwa urahisi na kinachelewa kushika kina cha kwenda mbele, tumbo ni kinyume chake. Ukitaka lugha itenganishe kina hizo mbili kwa maneno mawili, chukua vyanzo vyote viwili na uviache vigombane mpakani. Shimo lililochimbwa kiubavu mlimani litakuwa *mossa* au *agu*? Waache wazee wabishane. Ubishi huo ni mali.

Usijaze jedwali lote kwa neno moja, hata kama kila hatua ina mantiki. Mimi najiwekea mpaka: neno la kina liende kwenye maana tatu au nne za mbali, nyingine zote zikamatwe na uzito, unene, urefu au giza. Ukiniuliza ukomo huo nimeutoa wapi, jibu ni usingizi mzito na msitu mnene.

Nani achukue ipi

Kama lugha yako inatakiwa kufundishwa kwa wiki chache, chukua mzizi mmoja na kiambishi cha kinyume, na umalize kazi. Kama ni lugha ndogo ya majaribio, azima urefu au uchini. Kama ni lugha ya watu wa kubuni ambao utaandika habari zao, chukua kitu kinachoshikika, na usianze na kitu hicho kabla hujajua wanaishi wapi na wanaogopa nini. Kwa watu wa jangwani, kina kitatoka kwenye kuchimba, pengine kwenye kitenzi kabisa: kilichochimbika sana. Hiyo sijaijaribu, na ina kishawishi, kwa sababu kitenzi kingeleta wakati ndani ya kina, kwamba kitu chenye kina ni kitu kilichochukua siku nyingi.

Ukiwa na muda mfupi, fanya jaribio moja tu kabla ya kuliweka neno kwenye kamusi yako: andika jinsi mtu anavyouliza kipimo. Kwa kawaida lugha huuliza kwa upande mkubwa wa jozi. Tunauliza urefu wa mtu hata akiwa mfupi, na kina cha bwawa hata likiwa la kufika vifundoni. Nilipoandika swali hilo kwa watu wa mto, nikaandika kama kawaida *mossan* gani? Kisha nikamfikiria mtu aliyesimama nyuma ya mtumbwi, upondo mkononi, abiria wakiwa wamekaa kimya. Kina kinampa mashaka yake, lakini asubuhi kutwa kinachomsumbua ni jiwe litakalopasua mbao. Nikafuta. Sasa wanauliza *kelti* gani?, ukokoto kiasi gani, na majibu yao yanahesabiwa kutoka kwenye jiwe kwenda juu.